Insha ya Tafakuri: Nilipata A kwa Kudanganya

Ukitoka BTP unadaiwa insha ya tafakuri: ulifundishaje, umejifunza nini. Wengi tunaiandika kama risala. Changamoto kidogo, mbinu shirikishi, halafu "wanafunzi wote walielewa". Nami niliandika hivyo hivyo, nikapata A.

Ukweli ni huu. Nilipangiwa sekondari moja ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ambako baadhi ya wanafunzi hupita kwenye mikoko kwa mtumbwi. Kipindi cha kwanza, Kidato cha Pili, madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Kwenye andalio la somo, pale chini penye "maoni", nikawa najaza: wachelewaji, hawana nidhamu. Wiki ya tatu binti mmoja akaniambia, "Mwalimu, maji yalikupwa, mtumbwi ukakwama kwenye tope." Nikafungua daftari la mahudhurio. Kumbe uchelewaji ulikuwa unahama! Kujaa na kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kuna asubuhi mtumbwi unapita na kuna asubuhi haupiti. Na mimi nafundisha Jiografia, jamani.

Hilo sikuliandika. Niliogopa kushushwa alama.

Sasa insha kama hii ipimwe kwa nini? Mwaka 1995 Neville Hatton na David Smith, wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walitofautisha ngazi nne. Kwanza kusimulia tu. Pili kusimulia na kutoa sababu. Tatu kujihoji, ukipima maelezo mengine yanayowezekana. Nne kuliona tukio ndani ya hali ya jamii na historia yake. A yangu ilikuwa ngazi ya pili, tena sababu zenyewe za kubuni. Ile ya mtumbwi ingefika ya tatu, pengine ya nne.

Wapo wanaosema basi atuzwe anayekiri makosa. Sikubali. Alama zikitolewa kwa machozi, tutalia kwa kuigiza. Msahihishaji adai ushahidi: ukurasa wa mahudhurio, daftari la mwanafunzi, andalio lililokatwakatwa kwa kalamu. Halafu aangalie mwandishi amebadili mawazo wapi, na kwa nini. Somo kufeli lisimpunguzie mtu alama.

Nimeshamwomba waziri wa elimu wa serikali yetu ya wanafunzi afuatilie mwongozo wa usahihishaji tuupate kabla ya kwenda BTP ijayo, maana safari hii wengi wetu tuliuona baada ya matokeo.