Winga na Sekunde Mbili: Mbio za Simon Msuva kutoka Jangwani hadi Baghdad

Katika viwanja vya shule, Mabamba na kwingineko katika nyanda za juu za Kigoma, upangaji wa timu hufuata kanuni isiyoandikwa: kijana mwenye mbio kuliko wenzake hupelekwa pembeni. Huambiwa akae karibu na mstari, asubiri mpira mrefu, kisha akimbie. Kanuni hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ndiyo inayoamua kama mchezaji wa namna hiyo ataweza kuishi kwa kazi yake katika nchi za mbali.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni wa Simon Msuva, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1993. Alijiunga na Yanga mwaka 2012, na ingawa kazi yake ilikuwa ya winga, aliongoza kwa ufungaji katika Ligi Kuu msimu wa 2014/15 kwa mabao 17, na tena msimu wa 2016/17 kwa mabao 14, safari hiyo akilingana na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Mwaka 2017 alikwenda Morocco kuchezea Difaâ El Jadida, na mwaka 2020 akahamia Wydad ya Casablanca. Baadaye alichezea Al-Qadsiah ya Saudi Arabia, JS Kabylie ya Algeria, Al-Najma ya Saudi Arabia, na mwaka 2024 akaenda Al-Talaba ya Baghdad, Iraki. Watanzania waliodumu hivyo ughaibuni kwa kazi ya mpira ni wa kuhesabika.

Ni kitu gani hasa ambacho klabu hizo zilikuwa zikikinunua? Jibu la haraka ni mbio. Jibu la fizikia lina maelezo zaidi.

Tuseme winga anakimbia kwa mwendokasi wa mita 7 kwa sekunde, naye yuko sambamba na beki wa mwisho wakati mwenzake anapoupiga mpira. Hajaotea. Beki amesimama, ili aanze kukimbia hana budi kwanza kugeuka, lakini kwa hisani hebu muda huo wa kugeuka usihesabiwe. Mchapuko wake uwe mita 3.5 kwa sekunde kwa sekunde. Baada ya sekunde 2 beki naye amefikia mita 7 kwa sekunde. Je, wako pamoja? Mwanafunzi achore grafu ya mwendokasi dhidi ya wakati. Umbali wa winga ni eneo la mstatili, yaani mita 14. Umbali wa beki ni eneo la pembetatu, yaani mita 7. Pengo ni mita 7.

Sasa beki huyo apewe mbio kubwa kuliko za winga, afikie hata mita 8 kwa sekunde. Kila sekunde atapunguza pengo kwa mita moja tu, hivyo atahitaji sekunde zisizopungua 7 ili kulimaliza. Kama mbio zilianzia mita 30 kutoka golini, winga amebakiwa na mita 16, ambazo ni kazi ya sekunde mbili na kidogo. Kweli, mwenye mpira mguuni hukimbia polepole kidogo kuliko asiye nao, lakini hesabu haibadiliki sana. Beki mwenye mbio zaidi ameshindwa na mtu aliyeanza mapema. Basi ujuzi mkubwa wa winga ni kuwa tayari katika mwendo bila kuotea, na jambo hilo hutegemea macho na akili kabla ya misuli.

Bao la Msuva dhidi ya Zambia mjini San Pedro, tarehe 21 Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, lilikuwa la aina hiyo. Mbwana Samatta alimpenyezea mpira katika dakika ya 11, naye akawa mbele ya mabeki. Wakati huo alikuwa na miaka 30, umri ambao mbio za kilele za wachezaji wengi huwa zimeanza kupungua. Zambia walisawazisha dakika ya 88, kwa kichwa cha Patson Daka, ingawa walikuwa wamebaki kumi uwanjani.

Yapo pia mambo ya mwili. Mbio kali za sekunde chache huendeshwa hasa na akiba ya kemikali iitwayo kreatini fosfeti iliyomo katika misuli. Akiba hiyo hupungua sana ndani ya sekunde zipatazo 10. Nusu yake hurudi katika muda wa nusu dakika hivi, lakini kujaa kabisa huchukua dakika kadhaa. Mkorea Son Heung-min, alipofunga dhidi ya Burnley Desemba 2019 baada ya kukokota mpira takriban mita 70 kwa sekunde zipatazo 12, alifika golini akiwa ameitumia sehemu kubwa. Winga anayerudia mbio kila baada ya sekunde ishirini, kwa kuwa mashabiki wanampigia kelele, hukimbia na ghala lililo nusu tupu.

Msuva aliifungia Taifa Stars dakika ya 21 dhidi ya Uganda Machi 2019, siku timu ilipopata nafasi ya kwenda Misri baada ya miaka 39 ya kuikosa michuano hiyo. Akafunga dakika ya 6 dhidi ya Kenya huko huko Misri. Kisha dakika ya 11 San Pedro. Yote matatu ni mabao ya mapema. Hata hivyo mwanafunzi asikimbilie kutunga sheria: mifano mitatu haitoshi.

Joto nalo ni mtihani. Misuli hugeuza kama robo tu ya nishati inayoitumia kuwa kazi; sehemu kubwa iliyobaki huwa joto, na joto hilo lazima litoke. Gramu moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa jouli 2,400 hivi, lakini jasho linalodondoka chini halipoozi kitu. Ndiyo maana Khobar, makao ya Al-Qadsiah kando ya Ghuba, penye hewa yenye unyevu, pana ugumu wake, na Baghdad kukavu kuna ugumu mwingine: jasho hukauka upesi hata mchezaji asijue ni maji kiasi gani amepoteza. Mwili huchukua takriban wiki mbili kuzoea joto jipya, na mazoea hayo hupotea wiki chache baada ya kuondoka.

Mwalimu wa fizikia wa Mabamba anaweza kuyapima haya kwa saa moja ya kupimia mbio na vijiti vitatu. Vijiti visimamishwe mwanzo, mita 10 na mita 40. Kila mwanafunzi akimbie mara mbili: kwanza kutoka kusimama, kisha akiingia kijiti cha kwanza akiwa tayari katika mwendo. Wakati wa mita 10 za kwanza uandikwe katika safu yake. Baada ya hapo darasa lilinganishe orodha hiyo na majina ya waliopangwa pembeni katika timu ya shule.