KAKA KARUDI TOKA MAJUU, MAMA ANALIA!

Wiki hii nakupa yaliyotukuta nyumbani Bagamoyo mwezi wa nane uliopita, maana kidogo tu maneno ya watu yatugombanishe ndugu wa tumbo moja.

Kaka yangu alikuwa na miaka sita hajaonekana, yuko Washington anahangaikia maisha. Siku ya pili tangu atue, mama akachinja mbuzi, pilau likapikwa, wazee wakaitwa kuja kumsomea dua. Jamaa akafanya nini? Akalala! Saa 7 mchana, sinia liko mbele yake, wazee wanamuuliza habari za huko, mtu anakoroma kakaa. Wazee wakatazamana.

Usiku ndio ikawa kituko. Saa 8 nasikia masufuria yanagongana. Natoka, namkuta bwana mkubwa anashindilia kiporo cha pilau, macho yanawaka kama taa za gari. Akimaliza anazunguka uani mpaka adhana ya alfajiri. Mtaa nao ukapata la kusema: huyu anawanga, wengine wakadai huko majuu kaanza kubwia unga. La unga lilipomfikia mama, alijifungia chumbani akalia.

Nami nakiri, nilipekua mabegi ya kaka. Sikukuta kitu zaidi ya chokoleti. Akanifuma. "Mdogo wangu, hata wewe?" Jamani, niliona aibu!

Akanikalisha chini. Kumbe ubongoni mna saa inayoongozwa na mwanga. Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kugundua inavyofanya kazi. Mwezi wa nane Washington iko nyuma yetu kwa masaa 7. Pilau letu la saa 7 mchana, mwili wake unajua ni saa 12 asubuhi. Saa 8 yetu ya usiku, kwake ni saa 1 jioni, njaa inauma! Hiyo ndiyo wanaita jetilegi. Kwa kawaida mwili unahitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kuja mashariki ni kazi zaidi, maana mwili unaweza kuchelewa kulala kirahisi kuliko kuwahi.

Sasa wewe unayepokea mgeni wa Marekani, sikia. Sherehe isogeze mbele siku kadhaa. Usimtoe juani alfajiri siku za mwanzo: mwanga wa saa 12 asubuhi mwili wake unauona ni wa saa 5 usiku, utazidi kuchelewa. Mtoe mchana na alasiri. Mimi nilimpeleka ufukweni, kule soko la samaki, tukatazama mashua. Kila siku tukawahi kidogo. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na kahawa mwisho adhuhuri. Usukani usimpe kabisa! Barabara ya Dar haina huruma na mtu anayesinzia.

Siku ya nane niliamka nikamkuta kaka uani na mama, wanakunywa chai na vitumbua, wanacheka. Wazee wakaitwa upya. Mbuzi hakuwepo, tulikula wali na samaki, lakini mwenyeji alikuwa macho.

Na yule jirani wa maneno ya kuwanga? Alifika wa kwanza. Tukampa chokoleti.