Duka la Sonara: Mizani ya Kurithi

Wakaazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wamezoea, inapokaribia harusi, kuelekea mjini kwa sonara: huyu kwa feri, huyu kwa daraja la Nyali, na yule kwa njia ya Makupa. Duka lenyewe aghalabu ni la ukoo mmoja, na muuzaji wa leo ni mjukuu wa aliyemfulia nyanya ya bibi harusi bangili zake.

Mapambo ni ya kale pwani yetu. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja wanawake wa Mombasa kwa hariri na dhahabu zao. Wafua fedha wa Lamu waliyeyusha reale za Maria Theresa, zenye tarehe ya 1780, wakafua vikuku na mitali. Kisha biashara ya Bahari ya Hindi ikawaleta masonara wa Kachchh na Kathiawar, magharibi mwa India. Kwao kazi hii ilikuwa ya nasaba: mtoto alianza kwa kuvukuta moto, akafuata kuvuta waya na kulehemu, na mwisho ndipo akakabidhiwa mizani.

Mizani hiyo ilipima kwa tola, yaani takriban gramu 11.66. Dhahabu iliyopendwa ni ya karati 22, nayo ni sehemu 22 safi kati ya 24; leo hupigwa muhuri wa 916.

Kwa mama zetu, sonara alikuwa pia hazina. Mahari ni haki ya mke, na dhahabu yake ni mali yake; mume hana mamlaka nayo. Ilipobisha karo ya shule, maradhi au safari ya Hija, bangili moja ilifungwa katika ncha ya leso ikavushwa maji. Aliyeifua aliijua karati yake, hakuwa na la kubabaisha.

Ujuzi huo ndio unaopotea duka la ukoo linapofungwa kwa kuwa warithi wameshika kazi nyingine. Nayo bei haingoji: mwaka 2020 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 2,000 kwa mara ya kwanza, na 2025 ikapita dola 4,000. Kosa dogo la mizani sasa ni hasara kubwa ya mjane.

Basi, ndugu msomaji, pale ambapo hakuna tena mzee wa kukumbuka, karatasi na ikumbuke. Dai risiti yenye uzani na karati, na vito vipimwe mbali na dhahabu. Ukitaka kubadilisha mkufu mkuukuu kwa mpya, uza kwanza, upokee fedha mkononi, kisha ununue. Kwani dhahabu kwa dhahabu haibadilishwi ila kwa uzani sawa na papo kwa papo, na ziada ni riba. Na dhahabu uliyoiweka kama akiba, si ya kuvaa, ikifika mithqali 20, takriban gramu 85, na ikapitiwa na mwaka, itolee zaka asilimia 2.5. Ya kuvaliwa kwa kiasi haina zaka kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi. Wenye madhehebu mengine wawaulize wanavyuoni wao.

Mfunze binti yako hesabu hii kabla hujamvisha bangili. Wallahu aalam.