Mukanda haukupotea: tujue sanduku la imeli linalala wapi

Ndugu wafanyakazi, kwa sisi wa sendika mukanda si karatasi tu. Code du travail yetu, ile sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaomba kuvunja kontra ya mutu kutangazwe kwa maandiko. Patron akisema alituma, mudelege akisema hakuona kitu, anayeumia njo mufanyakazi. Na leo mikanda mingi inapita kwa imeli. Basi ile mashini inayochunga imeli imekuwa mambo yetu pia, haiko ya mafundi peke yao.

Kwenye biro yetu kuko serveri mbili za imeli. Moja inapokea mikanda, ingine inawapa badelege kuisoma kwenye telefone. Lakini masanduku yenyewe hayaishi ndani ya hizi mbili. Yanalala kwenye mashini ya tatu yenye disiki kubwa, na serveri zote mbili zinayafikia kupitia rezo. Njia hiyo inaitwa NFS, ilitoka kwa Sun Microsystems ya Marekani mu 1984. Faida iko: disiki moja ya kuchunga, na serveri moja ikikufa, ingine inaendelea.

Lakini magonjwa yake tuliyaona. Mesaji asubuhi iko, saa sita haiko, jioni imerudi. Mutu anafuta, kisha mesaji inafufuka. Na siku moja, kisha umeme kukatika, masanduku yote yalionekana matupu. Makelele ikaanza: nani alifuta mikanda yetu? Hakuna aliyefuta. Tulikaa na fundi, tukafuata njia ya mukanda hatua kwa hatua. Njo hiyo tunataka kuwaonyesha.

Kwanza, musifute kitu na musizime kitu

Tulianza kwa kusoma joronali ya serveri, ile inayoandika kila mukanda unaoingia. Programu kama Postfix inapatia kila mukanda namba, tena inaandika kama ulifika sandukuni ao ungali unangojea. Kama joronali inasema ulifika, basi muko nje ya kosa la rezo ya intaneti wala la mutu aliyetuma. Shida iko nyumbani, kati ya serveri na disiki.

Pili, muangalie kama disiki imefungwa kweli kwenye serveri

Hapa njo tulipata ile mikanda ya siku ya umeme. Serveri iliamuka mbele ya mashini ya disiki. Haikuona disiki, ikaona doseri tupu ya kwake yenye jina lile lile, ikaweka mikanda humo bila kusema kitu. Kisha disiki ikarudi, ikakaa juu ya ile doseri sawa vile blanketi juu ya kitanda. Mikanda ilikuwa chini ya blanketi. Fundi alisimamisha kazi ya imeli, akatosha disiki kwa muda, akaikuta yote.

Dawa yake ni kukataza serveri kuandika mu ile doseri tupu. Hapo mukanda utangojea kwenye mustari mupaka disiki irudi. Postfix, kama hamukubadilisha kitu, inaungojea siku 5 mbele ya kuurudisha kwa mwenye kuutuma.

Tatu, muulize nani ameshika kadena

Wachimbaji munajua: mbele ya kuingiza mukono ndani ya konvwaye, unafunga moto na kadena yako, ufunguo mu mufuko wako. Mwenzako akiona kadena, hagusi. Imeli iko na desturi ile ile. Kwa namna ya zamani inayoitwa mbox, mikanda yote ya mutu iko ndani ya fishie moja, mumoja nyuma ya mwengine. Anayeandika lazima afunge kwanza. Lakini kuko kadena zinazoonekana tu na serveri iliyozifunga. Ile ingine haizioni. Mbili zikiandika pamoja, fishie inaharibika.

Juu ya hiyo Daniel J. Bernstein, aliyetengeneza programu ya qmail, alileta namna ya Maildir: kila mukanda fishie yake. Unaandikwa kwanza pembeni, ukiisha kamili njo unasogezwa ndani ya doseri ya mipya. Hapo kuweka mukanda hakuombi kadena. Kwa masanduku yanayolala kwenye rezo, tunaona hii ni bora.

Tena saa za mashini zote zipatane. Serveri yenye saa ya mbele inaweza kuona kadena ya sasa hivi sawa kadena ya zamani iliyosahauliwa, ikaivunja.

Ine, kumbukumbu ya serveri

Kwa kukimbiza kazi, NFS haiendi kuangalia disiki kila mara. Kwenye Linux, habari za fishie inaweza kuzichunga kwa sekunde 3 mupaka 60. Ni sawa na kapita anayesoma orodha ya taa ya asubuhi wakati watu wamekwisha kupanda. Serveri mbili zikishika sanduku moja, kila moja na orodha yake, njo mesaji inafufuka.

Dovecot, programu inayosomesha imeli, inachunga orodha zake pembeni ya mikanda, na hizo njo zinaharibika mbele. Fundi aliandika mistari miwili: mmap_disable = yes na mail_fsync = always. Lakini dawa kubwa ilikuwa kupanga kila mudelege awe na serveri yake moja. Sanduku moja, mulinzi mumoja. Ile serveri ingine inamuchukua tu kama ya kwanza imekufa.

Na neno moja kwa wale wanaofunga disiki: musitumie «soft» juu ya kuogopa kungojea. Rezo ikikawia, «soft» inachoka, inaachilia kazi katikati, na mukanda unaweza kubakia nusu. «hard» inangojea mupaka disiki ijibu. Inachosha, lakini kwa mukanda wa mufanyakazi, kungojea ni bora.

Basi, badelege, mukienda kuona anayechunga imeli yenu, musiseme tu «imeli haitembee». Muulize: masanduku yanalala wapi? Ni serveri ngapi zinayagusa? Saa zinapatana? Umeme ukirudi, mashini gani inaamuka kwanza? Majibu muyaandike kwa karatasi, tarehe juu, sini chini, muyachunge pamoja na doseri za kazi. Siku ya kujitetea mbele ya enspektere wa kazi, karatasi hiyo itasaidia kuonyesha mukanda ulifika siku gani, na ulikuwa wapi.