Mchezo wa kijasusi uliokosa mwenye hati

KWA mkulima wa Kiminini, Kaunti ya Trans Nzoia, si ajabu kuona shamba lenye rutuba likiota magugu mwaka baada ya mwaka kwa sababu hati yake haijulikani imo sandukuni mwa nani. Ndugu watatu hawana hakika kama ni lao. Lakini jirani akithubutu kuingiza plau, wote huamka na kumkimbilia wakili.

Hayo ndiyo yaliyoufika mchezo wa kompyuta uitwao No One Lives Forever, ambao wapenzi wengi wa michezo hiyo wanauhesabu miongoni mwa ile bora ya kijasusi kuwahi kutungwa.

Vijana wanaolipa shilingi chache kucheza kandanda ya video katika vibanda vya kando ya barabara ya Kitale kuelekea Webuye huenda hawajausikia. Hawana lawama, kwani hakuna duka la mtandaoni lenye idhini ya kuuuza.

Mchezo huo ulitolewa Novemba 2000. Uliundwa na kampuni ya Monolith Productions ya Marekani na kuchapishwa na Fox Interactive. Hadithi yake imewekwa mwaka wa 1967, enzi za Vita Baridi, na mchezaji huchukua nafasi ya Cate Archer, mwanamke mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mwizi kabla ya kuajiriwa na shirika la siri liitwalo UNITY.

Wakubwa wake hawamwamini kwa kuwa ni mwanamke. Anapewa kazi nzito baada tu ya majasusi wanaume kuuawa mmoja baada ya mwingine. Adui wake ni genge la H.A.R.M., ambalo kirefu cha jina lake hakifichuliwi kamwe. Huo nao ni mzaha.

Utani umo hata katika silaha. Rangi ya midomo ya Cate ni bomu, kibanio chake cha nywele hufungua kufuli, miwani yake ni kamera, na anacho kijibwa cha mitambo cha kuwapumbaza mbwa wa walinzi.

Hata hivyo, ufundi mkubwa wa watunzi hao umo katika kusikiliza. Mchezaji ana hiari ya kufyatua risasi atakavyo, ila akinyatia, akajibanza nyuma ya ukuta na kunyamaza, atawasikia walinzi wakipiga soga. Wawili kati yao wanajadili, kwa uzito wa wanazuoni, uhusiano wa pombe na uhalifu, kana kwamba wao wenyewe si wahalifu.

Anayeingia mbio na bunduki hasikii lolote kati ya hayo. Kicheko ni malipo ya mwenye subira, na kwa maoni ya mwandishi huyu, ni michezo michache mno iliyowahi kuuoanisha ucheshi na uviziaji kwa namna hiyo.

Sisi tuliokulia kwenye riwaya za Elvis Musiba, ambaye mpelelezi wake Willy Gamba alitamba katika Kufa na Kupona mwaka wa 1974, tulizoea jasusi mkakamavu na adui asiyechekesha. Mchezo huu unamtania jasusi wa aina hiyo bila kumvunjia heshima.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka wa 2002, na ndani yake Cate anapigana na ninja katika nyumba iliyobebwa na kimbunga huko Ohio.

Kisha makampuni yakaanza kununuana. Fox Interactive ilichukuliwa na Vivendi Universal mwaka wa 2003, na idara ya michezo ya Vivendi ikaungana na Activision mwaka wa 2008. Monolith, waliouunda mchezo, walinunuliwa na Warner Bros mwaka wa 2004. Kila mauzo yalihamisha makabati ya mikataba, na hapo ndipo nyayo za hakimiliki zilipopotea.

Mwaka wa 2014, kampuni ya Nightdive Studios, ambayo kazi yake ni kufufua michezo ya zamani, ilianza kutafuta idhini. Ilibisha milango mitatu: Warner, Activision na 20th Century Fox. Hakuna aliyetamka kwa yakini kwamba mali ni yake. Ilielezwa hata kwamba mikataba hiyo ni ya enzi za karatasi na huenda imo katika sanduku fulani ghalani. Lakini ilikuwa wazi kwamba kuutoa mchezo bila idhini kungezua kesi. Nightdive ikasalimu amri.

Tangu hapo mambo yamezidi kutatanika. Disney iliinunua 20th Century Fox mwaka wa 2019, Microsoft ikaimeza Activision mwaka wa 2023, na Februari 2025 Warner ikaifunga Monolith.

Anayetaka kumwona Cate leo hana budi kusaka diski kuukuu, au achukue nakala ambayo mashabiki waliiweka mtandaoni bila malipo mwaka wa 2017. Njia hii ya pili ina walakini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huilinda programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, sawa na riwaya, na ulinzi huo haukomi kwa sababu tu mwenye mali hajajitokeza. Kwa hivyo kijana wa Kiminini anayeipakua nakala hiyo anaingia katika shamba la mtu, ingawa hakuna awezaye kumwambia ni la nani.