Zeituni Kutoka Nje ya Nchi: Namna ya Kuzinunua, Kuzileta na Kuzila kwa Usalama

Waraka huu umeandaliwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani ambazo hununua, huletewa au huuza zeituni zilizosindikwa katika nchi nyingine. Zeituni ni chakula chema, na zile zinazopita katika njia halali za biashara kwa kawaida huwa salama. Hata hivyo, zeituni iliyosindikwa vibaya inaweza kubeba sumu inayoua. Sumu hiyo haionekani kwa macho, hainuki, wala haitambulikani kwa ulimi. Ndiyo maana ni muhimu kujua zeituni zako zimetoka wapi na zimetengenezwa na nani.

Kwa nini zeituni husindikwa?

Zeituni iliyochumwa mtini hailiki, kwa kuwa ni chungu mno. Uchungu huo hutokana na kiini kiitwacho oleuropeini. Watengenezaji huuondoa kwa njia mbalimbali. Zeituni za kijani za mtindo wa Kihispania hulowekwa kwanza katika soda kali, huoshwa, kisha huachwa zichachuke katika maji ya chumvi. Za mtindo wa Kigiriki hutiwa moja kwa moja katika maji ya chumvi na kukaa humo kwa miezi kadhaa. Nyingine hufukiwa katika chumvi kavu hadi zinyauke. Zile nyeusi za makopo hulowekwa katika soda kali, hupitishiwa hewa hadi zigeuke rangi, kisha makopo yake hupashwa joto kali chini ya shinikizo.

Hatari hutoka wapi?

Kinachoilinda zeituni isiharibike ni chumvi, asidi na, kwa zile za makopo, joto kali. Kinga hizo zikipungua, bakteria aitwaye Clostridium botulinum anaweza kukua. Mbegu za bakteria huyu zimo udongoni kila mahali. Zikifungiwa ndani ya chupa isiyo na hewa, penye asidi haba, huweza kuota na kutoa sumu inayosababisha ugonjwa wa botulizimu.

Asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Bakteria huyu hawezi kukua pale pH inapokuwa 4.6 au chini yake. Soda kali hufanya kinyume: huondoa uchungu, lakini pia huipandisha pH. Mtengenezaji asiporudisha asidi kwa kuchachusha au kwa kutia siki, na asipochemsha makopo ipasavyo, chupa inaweza kupendeza machoni huku ndani ikiwa na hatari.

Jambo hili limewahi kutokea. Mwaka 2011, nchini Finland, watu wawili wa nyumba moja waliugua botulizimu baada ya kula zeituni za chupa zilizojazwa lozi, zilizotoka Italia. Mmoja wao alifariki. Chupa ile ilikuwa imenunuliwa kama bidhaa nyingine yoyote.

Unaponunua

• Chagua chupa au kopo lenye lebo iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye jina la bidhaa, viambato, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji au msambazaji, pamoja na nchi ilikotoka. Sheria ya Marekani inadai mambo hayo.
• Usinunue kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu nyingi au lililobonyea kwenye maungio. Usinunue chupa ambayo kifuniko chake kimetuna au kimelegea.
• Zeituni zikiuzwa kwa kupimwa kutoka ndooni, muulize muuzaji akuonyeshe lebo ya chombo cha awali.
• Usinunue zeituni zilizofungwa upya katika chupa zisizo na lebo, hata kama muuzaji ni jirani unayemwamini. Uaminifu wake hauwezi kukuambia kiwango cha asidi kilichomo.
• Soma viambato ikiwa kuna mtu nyumbani mwenye mzio. Zeituni zilizojazwa huweza kuwa na lozi, jibini au samaki.

Unapobeba au kutumiwa kutoka nje

Zeituni zilizosindikwa na kufungwa kiwandani kwa kawaida huruhusiwa kuingia kwa matumizi ya nyumbani, lakini ni lazima uzitaje kwa maafisa wa forodha. Kutaja si kosa. Kuficha ndiko kunakoleta faini. Matunda mabichi ya zeituni, pamoja na majani na matawi yake, yanaweza kuzuiwa kwa sababu hubeba wadudu na magonjwa ya mimea.

Ndugu anapotaka kukutumia zeituni alizotengeneza mwenyewe, mshukuru kwa moyo wake, kisha umwombe akutumie za kiwandani. Njia za nyumbani huweza kuwa nzuri, lakini mara nyingi hakuna aliyepima asidi.

Ukitaka kuuza

Ruhusa ya kubeba chakula cha familia yako si ruhusa ya kukiuza. Zeituni zinazoingia kwa biashara zina masharti yake. Kiwanda cha nje kinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA. Kiwanda kinachotengeneza vyakula vya makopo vyenye asidi haba, au vilivyotiwa asidi, kinapaswa pia kuwasilisha huko utaratibu wake wa usindikaji. FDA hupewa taarifa kabla mzigo haujafika, na mwagizaji ana wajibu wa kuhakikisha kuwa anayemletea hufuata kanuni za usalama. Kabla ya kulipia mzigo wa kwanza, wasiliana na idara ya afya ya eneo lako kuhusu leseni ya kuuza chakula. Ni heri kuuliza mapema kuliko kupoteza mzigo mzima bandarini, au kumdhuru mteja.

Nyumbani

• Ukishafungua, weka zeituni kwenye jokofu na ufuate maelekezo ya lebo. Zitoe kwa kijiko safi, si kwa vidole.
• Zeituni zina chumvi nyingi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe miligramu 2,300 za sodiamu kwa siku. Tazama mstari wa Sodium kwenye lebo: asilimia 20 au zaidi ni nyingi, asilimia 5 au pungufu ni kidogo. Wenye shinikizo la damu au maradhi ya figo wamwulize daktari wao.
• Ukitaka kupunguza chumvi, loweka katika maji zile tu utakazokula siku hiyo. Usimwage maji ya chumvi ya chupa nzima na kujaza maji matupu, kwa kuwa utakuwa umeondoa kinga yake.
• Maji yakiruka kwa nguvu unapofungua, au ukiwa na shaka yoyote, usionje. Funga chombo ndani ya mifuko miwili, kitupe mbali na watoto na wanyama, kisha unawe mikono.

Dalili zisizopaswa kungojewa

Dalili za botulizimu kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa huweza kuchelewa kwa siku kadhaa. Mgonjwa huona vitu viwiliviwili au kwa ukungu, kope humlegea, ulimi huwa mzito, humeza kwa shida, na kinywa hukauka. Kisha udhaifu wa misuli hushuka kuelekea mikononi na miguuni, na pumzi huweza kukatika. Mara nyingi hakuna homa, kwa hiyo wengine hudhani ni uchovu tu.

Piga simu 911 mara moja. Ipo dawa ya kuizuia sumu, nayo hufaa zaidi inapotolewa mapema. Waambie wahudumu kile mgonjwa alichokula, na uhifadhi chupa au kopo ili lipimwe. Wengine waliokula chakula hicho nao wapelekwe kwa daktari, hata kama bado hawajisikii vibaya.

Kwa ushauri usio wa dharura, piga Kituo cha Sumu, 1-800-222-1222. Huduma ni bure, ni ya siri, na inapatikana saa 24. Sema neno “Swahili” na uombe mkalimani. Hospitalini pia una haki ya kupewa mkalimani bila malipo; usimtwike mtoto wako kazi hiyo.