Jicho Halipimi Mafuta

Mtu alaye nyumbani hukiona chakula chake kabla hakijaingia chunguni: kibaba cha mchele, nazi moja, mafuta vijiko viwili. Alaye mgahawani huona sahani tu, na kwa sahani hiyo hukisia.

Je, hukisia vema? Katika miaka ya 2010 na 2011 watafiti wa Marekani waliwauliza wateja wa migahawa 89 ya vyakula vya haraka, katika miji minne ya eneo la New England, wakadirie nishati ya mlo walionunua. Kisha walilinganisha makadirio hayo na stakabadhi za malipo. Watu wazima walikuwa wamenunua kwa wastani kilokalori 836, nao walikadiria pungufu kwa 175. Vijana walinunua kilokalori 756, wakapunguza 259, yaani zaidi ya theluthi moja ya mlo. Tena, kadiri mlo ulivyokuwa mkubwa ndivyo kosa lilivyozidi.

Sababu moja imo machoni. Kitu kikiongezwa ukubwa mara mbili, jicho hukiona kimeongezeka kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Sababu ya pili, ambayo kwetu ina uzito zaidi, ni mafuta. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kilokalori 4. Ya mafuta hutoa 9. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina kilokalori zipatazo 85, lakini chipsi za uzito huo huo hukaribia 300. Kiazi kinapokaangwa, maji yake hutoka kwa mvuke, na mafuta huingia katika vitundu vilivyoachwa. Uzito hupungua, nishati huongezeka, na mlaji haoni lolote. Mpenzi wa chipsi mayai akumbuke kwamba mayai nayo yamepitia karaini.

Jambo hili laweza kupimwa katika maabara ya shule. Pimeni karai lenye mafuta, kaangeni gramu 500 za viazi vilivyokatwa, vichujieni vizuri juu ya karai hilo, kisha acheni mafuta yapoe kabisa kabla ya kulipima tena. Upungufu, ukizidishwa kwa 9, hukaribia nishati iliyoongezwa na mafuta. Makadirio ya wanafunzi yaandikwe ubaoni kabla mizani haijaletwa.